Lile Kopo Mlilolicheka, Aliyeanza Kucheka Nilikuwa Mimi

Leo sina ubuyu wa mtu. Au tuseme ninao, ila wa leo unanihusu mwenyewe.

Mnaikumbuka ile video ya mtoto wa staa mmoja wa kike? Jina kapuni, na hata mkinibembeleza hamlipati. Mtoto amekaa kwenye mkeka, kapakata gitaa la kopo la maziwa ya unga, nyuma yake kuna mnazi na kamba ya kuanikia nguo, na sauti ya bibi anacheka pembeni. Sekunde arobaini tu. Mtoto anapiga, anasimama, anakaza uzi, anapiga tena. Mama mtu aliandika maneno matatu: "Wikiendi kwa bibi."

Na mnakikumbuka kichwa cha habari kilichotoka hapa hapa kwetu saa mbili baadaye: "HALI TETE? MTOTO WA STAA ACHEZEA MAKOPO KIJIJINI!"

Kile kichwa niliandika mimi.

Niliandika nikiwa nimening'inia kwenye daladala ya Mbagala, simu ina asilimia tisa, nacheka peke yangu kama chizi. Komenti zikaporomoka. "Mjini anavimba na gari, mtoto ana kopo." "Mchangieni jamani." "Kinanda cha Kariakoo cha elfu kumi na tano nacho kimemshinda?" Kesho yake mchana staa akaifuta video. Jioni akaweka picha ya mtoto yule yule, safari hii kavalishwa kishua, kakaa mbele ya kinanda cheupe ambacho bado kina nailoni ya dukani pembeni. Mtoto hacheki. Ila nyinyi mlifurahi: "Hapo sawa mama!", mioyo, makopa, mambo yakaisha.

Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata mtu wa karibu na yule mama akanitumia ujumbe wa sauti. Hakutukana, na hicho ndicho kilichoniuma. Alisema tu kwamba huko chekechea anakosoma mtoto, wenzake wameanza kumwita "Makopo". Watoto wa miaka mitano, wamelitoa wapi? Kwenye simu za mama zao. Na mama zao wamelitoa kwangu. Sasa likizo imekaribia na mtoto amesema kwa bibi haendi.

Siku mbili baadaye akapiga mama yangu kutoka Kibiti. Ndiyo, Kibiti, kwetu ni huko, nilikuwa sijawaambia. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mvua, akaniambia ameona video kwenye simu ya mtoto wa jirani. "Mwanangu, umemwona yule mtoto na gitaa? Amelifunga vile vile alivyokuwa anafunga marehemu baba yako. Huyo bibi yake lazima ni mtu wa huku kwetu." Alikuwa na furaha kweli. Hakujua nani ameandika maneno yaliyokuwa juu ya ile video. Nikasema ndiyo mama, nimeliona. Nikakata simu nikiwa mpole kama mtu aliyemwagiwa maji.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa kamba kwenye delta ya Rufiji. Kwa wasiojua, Mto Rufiji haufiki baharini kwa mdomo mmoja, unagawanyika matawi kibao, na katikati ya hayo matawi kuna mojawapo ya misitu mikubwa ya mikoko Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Ndani ya huo msitu kuna vijiji, na kwenye vingi hufiki kwa gari, ni boti au mtumbwi, na ratiba anapanga maji kujaa na kupwa. Ukiwa huko, duka la midoli ni kitu cha hadithi. Kopo tupu likifika na boti, lina kazi tatu zinalisubiri kabla hujalitupa. Baba alikuwa na mishipi iliyokatika, alikuwa na makopo, na alikuwa na watoto watano wanaopiga kelele. Basi alivua kamba mchana, jioni akafunga nyuzi. Mdogo wangu wa mwisho alipata lake akiwa hajafika miaka minne.

Halafu mimi nikaja mjini nikawa mtu wa kucheka makopo. Haikutokea siku moja. Mwaka 2017, wakati wa yale mauaji, Kibiti ilipokuwa kwenye habari kila siku na pikipiki zimepigwa marufuku kutembea usiku, nilianza kuogopa kwenda nyumbani. Ukimwambia mtu "natoka Kibiti" anakutazama mara mbili. Nikaanza kusema natoka Mbagala. Hofu ikaisha, uongo ukabaki. Nadhani kuna wengi humu wenye kitu kama hicho, hata kama kwao si Kibiti.

Sasa ngoja niwape kesi ya pili, muone tulivyo wa ajabu.

Kuna msanii mmoja wa kiume, huyu naye kapuni, wa Bongo Fleva, mkubwa tu. Miaka miwili iliyopita alikuja kupiga video ya wimbo kwenye delta yetu. Boti iliyobeba vyombo vya kamera ilikuwa ya mjomba wangu, kwa hiyo hii siyo ya kusimuliwa na chanzo. Waliwakusanya watoto kama kumi na tano, wenye ngoma za makopo na magitaa ya galoni. Waliwaambia wavue mashati ili "wapendeze". Wakawapanga nyuma ya msanii, wapige. Watoto wamepiga kutoka asubuhi mpaka jua linazama, wakapewa pipi na soda, wazazi wao hakuna aliyeulizwa chochote. Video ikatoka, ikapiga mamilioni. Hapa kwetu tuliandika nini? "ARUDI KWENYE MIZIZI! HUU NDIO UBUNIFU!" Mkagonga laiki mpaka vidole vikauma.

Sikilizeni ule wimbo leo mkipata muda. Hamtasikia ngoma hata moja ya wale watoto. Biti ilikuja tayari kwenye flashi. Makopo yote yale yalikuwa mapambo.

Kwa hiyo sheria yetu ni hii: mtoto wa mtu mwingine akishika kopo nyuma ya staa, ni sanaa. Mtoto wa staa akilishika mwenyewe, kakaa na bibi yake, hakuna kamera ya kukodi, hakuna anayemuuzia mtu wimbo, ni njaa. Yule aliyetumia watoto wa watu tukampigia makofi, yule aliyecheza na mwanawe tukamchana. Sijui mnajisikiaje mkisoma hii. Mimi nilijisikia vibaya, na mimi ndiye niliyeandika vichwa vyote viwili.

Nina binti wa miaka minne. Ana kinanda cha betri, kile chenye kitufe chekundu, ukibonyeza kinapiga wimbo chenyewe mwanzo mwisho halafu kinakupigia makofi. Yeye anabonyeza, anasubiri makofi, anabonyeza tena. Nilikuwa najisifu kwamba mwanangu anapenda muziki. Wallahi, siku niliyomwangalia vizuri niligundua anapenda kitufe.

Basi Ijumaa moja nikambeba, tukapanda gari Rangi Tatu. Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, korosho zinapitishwa dirishani, mtoto kalala. Tulifika Kibiti jioni. Mama alitusubiri barazani. Akamtazama mjukuu juu mpaka chini, akasema, "Njoo mke mwenzangu, umekuja kunisaidia kazi au umekuja kula?" Mtoto akajibu, "Kula." Nilijua wataelewana.

Asubuhi tukaanza na manyanga, kwa sababu hayo hata mimi nayaweza. Chupa tatu ndogo za maji, zimekaushwa kabisa ndani. Kwenye ya kwanza mchele kiganja kimoja, na hapo mama alinitolea jicho, "mchele wa Rufiji huo, si mchanga." Kwenye ya pili mchanga. Ya tatu kokoto ndogo. Vifuniko nikavibana kwa gundi halafu nikazungushia seloteipu, maana mtoto wa umri huu au mdogo zaidi kitu cha kwanza anachofikiria ni kufungua aonje. Mama akamwambia mtoto ajifiche nyuma ya mlango, yeye akawa anatikisa moja moja. "Hii ipi?" Mchanga. "Hii?" Mchele. "Na hii?" Mawe. Akapata zote, tukarudia mara kumi, akapata zote. Kinanda cha betri hakijawahi kumuuliza swali hata moja.

Filimbi ya mpapai mnaijua, msijifanye wa mjini. Kikonyo cha jani la mpapai kina uwazi ndani. Unakata, unaacha upande mmoja umeziba, karibu na hapo unachana mpasuo mdogo, unakaushakausha ule utomvu maana unawasha midomo, unapuliza. Kinapiga kelele kama bata mwenye hasira. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama akakata kirefu na kifupi, kirefu kikatoa sauti nene, kifupi nyembamba. Mtoto akavitazama, akaleta kimoja kirefu kuliko vyote alichookota mwenyewe na kusema, "Hiki kitakuwa babu." Kikawa babu kweli, sauti nene hiyo.

Ngoma ilitaka fundi. Nikaenda kijiweni kwa bodaboda, fundi akanipa tyubu iliyochoka, bure, akaongeza na utani kwamba mjini tumeishiwa. Nikakata kipande, nikakivuta juu ya kopo, nikafunga kwa ukanda wa tyubu hiyo hiyo, ile ya kutengenezea manati. Ukiivuta kidogo inalia "bu", ukiivuta sana inalia "ti". Ukingo wa kopo ulipokatwa nilishaugonga kwa nyundo ukalala, usipofanya hivyo unamkata mtoto kidole siku ya kwanza.

Nikiwa hapo hapo kwenye hatari, hili siliachi. Kwetu ni kwenye korosho. Kuna chupa na makopo ya dawa za mikorosho, kuna mifuko ya salfa, yanazagaa mashambani na mengine ni mazuri kwa umbo, yanavutia. Hayo ni marufuku, hata ukiosha mara saba. Na maganda ya korosho mbichi usimpe mtoto atie kwenye manyanga, yana mafuta yanayounguza ngozi. Kopo la chakula tu. Kama hujui kopo lilikuwa na nini, halikuhusu. Na mkidhani kitu cha dukani ndiyo salama, vingine vina zile betri ndogo za duara kama vifungo, mtoto akimeza ni kukimbizana na hospitali usiku usiku. Kila kitu kinataka mtu mzima awe karibu, na pengine hiyo ndiyo sababu halisi tunapenda vya dukani: vinaturuhusu tuwe kwenye simu.

Tulijaribu na komafi, lile tunda la mkomafi kwenye mikoko, kubwa kama mpira, nilifikiri litakuwa nyanga la ajabu. Halifai. Likikauka linapasuka na mbegu zinamwagika. Ila zile mbegu ni fumbo, jaribu kuzirudisha zikae kama zilivyokuwa, utakesha. Mtoto aliacha muziki kabisa akawa na mafumbo yake. Sawa tu, siyo kila kitu lazima kilie.

Gitaa nililiacha mwisho kwa sababu nililiogopa.

Kopo la maziwa ya unga, ubao mwembamba wa kreti lililovunjika (usikate mikoko, ni hifadhi ile, na kwa gitaa la mtoto ni aibu), mishipi ya unene tofauti mitatu, misumari. Nilipigilia, nikafunga, nikakaza, nikapiga. Ikatoa sauti kama nzi ndani ya chupa. Nikakaza zaidi, mshipi mmoja ukakatika ukanichapa. Mama alikuwa anachambua mchicha, hakunyanyua hata kichwa. Akasema, "Nyuzi zako haziligusi kopo."

Nikamuuliza anajuaje. Akasema, "Nani unafikiri alikuwa anamshikia baba yako kopo wakati anagonga?"

Kumbe miaka yote mimi nakumbuka mikono ya baba tu. Mikono ya mama ilikuwa pale pale imeshika kopo, sikuwahi kuiona. Akaja, akavunja kijiti cha ufagio, akakisimamisha katikati ya kitako cha kopo, akapitisha nyuzi juu yake zikikandamiza. Uzi ukitikisika, kijiti kinatikisika, kijiti kinalitikisa bati, na bati ndilo linaloimba. Bila kile kijiti unapiga ubao. Nikapiga tena. Jamani. Siyo gitaa la studio, lakini ule mlio nilikuwa sijausikia tangu tumzike mzee, mwaka 2015.

Binti yangu akalichukua bila ruhusa. Dakika kumi hivi akagundua ukibonyeza uzi karibu na kopo sauti inapanda, ukirudi juu inashuka. Hakuna aliyemwambia. Akaja kutuonyesha kama vile amegundua yeye duniani wa kwanza. Nikamwambia mama, huyu atakuwa mwanamuziki. Mama akasema, "Mwache awe mtoto kwanza."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupanga kuwaandikia nyinyi makala ya "kopo mpaka Grammy". Mnazijua hizo. Na mifano ipo, siikatai. Mchiriku wa uswahilini Dar, huo uliotuzalia singeli mnayoruka nayo kila wikiendi, ulisimama kwenye vinanda vidogo vya Casio, spika za honi na stuli ya mbao inayochapwa kwa vijiti. Jagwa Music walifika na hiyo stuli mpaka kwenye matamasha ya Ulaya. Kinshasa kuna kijana wa mtaani, Roger Landu, alichukua kopo, kijiti kilichopinda na waya mmoja, akakiita satonge, akapiga na Staff Benda Bilili, wale wazee waliougua polio na kutembelea baiskeli za magurudumu matatu. Albamu yao ilitoka 2009, mwaka uliofuata filamu yao ikaonyeshwa Cannes. Tafuteni video zao, kile kikopo kinalia kuliko magitaa ya watu.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba kila kopo lina Cannes ndani yake. Ndugu zangu wanne walipiga magitaa ya baba na hakuna aliyekuwa msanii. Mmoja ana duka, mmoja dereva, wawili wako kwenye korosho. Baba hakuwa anatengeneza wasanii. Alikuwa anakaa na watoto wake jioni, basi. Tukianza kulipima kopo kwa utajiri litakaoleta kesho, tunarudi pale pale pa kulicheka kwa umaskini wa leo.

Najua kuna watakaokuja na hoja hii, na ni hoja nzuri, kwa hiyo niijibu kabla: "Wewe umeshakula mjini, unatuambia watoto wa Rufiji waendelee na makopo?" Hapana. Nina shangazi Muhoro. Aprili 2024 mafuriko yaliingia ndani ya nyumba yake, yakachukua magodoro, kuku, kila kitu. Walipohamia sehemu ya juu, watoto walikuwa wanapiga madumu matupu na kuimba, akapita mtu na kamera akawapiga picha kwa furaha kabisa. Shangazi alinisimulia kwa hasira. Dumu lile lilikuwa tupu kwa sababu hapakuwa na maji safi ya kulijaza. Nikiona picha kama ile na maneno "watoto wa Afrika wana furaha na vidogo walivyonavyo" nachefukwa kama nyinyi. Mtoto wa Muhoro anadai shule, dawati, na kama kuna kinanda cha kweli darasani, akipate. Sina ubishi na hilo hata kidogo.

Ninachobisha ni kwamba kopo la Muhoro na kopo la yule staa siyo jambo moja, na sisi tuliyaona jambo moja kwa sababu kwetu kopo lina maana moja tu. Yule mama ana hela ya kununua vinanda kumi. Alichagua kumpeleka mwanawe kwa bibi, bibi akachagua kumfundisha anachokijua. Kile kitu mtoto alichokuwa anafanya kwenye zile sekunde arobaini, kupiga, kusimama, kukaza, kupiga tena, ndicho wanachofanya mafundi studio usiku kucha. Tulimwona mtoto anatafuta sauti tukaandika kwamba anatafuta chakula.

Kuna prodyuza mmoja wa hapa Dar, kapuni pia, alinionyesha kwenye kompyuta yake folda imejaa sauti za manyanga alizonunua mtandaoni kwa dola. Nikamwambia mama yangu anatengeneza hizo kwa chupa ya maji na kiganja cha mchanga. Akacheka, akafikiri ni utani. Nikamtumia rekodi ya simu. Hajanijibu, ila ameisikiliza, naona.

Nimeifuta ile posti. Najua picha zake zinazunguka huko na siwezi kuzikusanya, lakini ya kwetu haipo. Nilimwandikia yule mama, nikamweleza ni mimi, nikamwomba radhi yeye na mtoto, na nikamwambia mama yangu anasema gitaa lile limefungwa na mtu anayejua. Alikaa siku tatu. Akajibu neno moja: "Sawa." Sikutegemea zaidi ya hapo. Kama mtoto ataenda kwa bibi likizo hii sijui, na siyo haki yangu kuuliza. Mama yangu naye nilimwambia ukweli kabla ya kupanda gari la kurudi. Alinyamaza muda, halafu akaniuliza, "Sasa ulikuwa unamcheka mtoto, au ulikuwa unamcheka baba yako?" Sikuwa na jibu, na dereva alikuwa anapiga honi.

Komenti ziko wazi. Spana za leo nipigeni mimi, nazistahili. Atakayemtaja mtoto wa mtu kwa jina, au kukisia ni nani, naifuta bila kujieleza.

Gitaa tumekuja nalo Mbagala. Watoto wa nyumba nzima wanapanga foleni, mwenye nyumba ameshalalamika mara mbili, na uzi wa kati umekatika jana. Kinanda cha betri kiko chini ya kitanda. Jumamosi asubuhi tunakwenda Feri, binti yangu amesema anataka kuchagua mshipi mwenyewe.